Mlango wa Damu

Kwetu Runingu mkono wa mtu hupimwa kwa kazi yake: kushika jembe, kutwika mzigo, kupalilia mihogo. Mishipa yake hatukuijali hata kidogo, mpaka mafigo ya mdogo wetu yalipokoma kufanya kazi.

Jamaa walichanga fedha, nasi tukamsindikiza hata Nairobi. Huko waganga walisema kwamba damu yake yapasa kuoshwa kwa mashine mara 3 kila juma. Tulidhani shida ni gharama tu. Kumbe shida ya kwanza ilikuwa mlango. Mashine ile huvuta damu kama mililita 300 kila dakika, yaani chupa ndogo ya soda, na mshipa wa kawaida wa mkono hauwezi kutoa kiasi hicho. Muuguzi aliitazama mikono yake yote miwili, akauliza: "Nani aliyeichoma hivi?" Tukanyamaza. Kila homa ilipomjia, sisi wenyewe tuliomba awekewe serumu. Maana kwetu dawa isiyo na sindano haihesabiwi kuwa dawa. Mishipa mingi ilikuwa imekwisha kuwa migumu kama kamba kavu.

Shida hii si mpya. Daktari Willem Kolff wa Uholanzi alitengeneza mashine ya kuosha damu mwaka 1943. Lakini kila mara ilibidi kukata mshipa mwingine, na mishipa ilipokwisha, matumaini nayo yalikwisha. Mwaka 1960, huko Seattle, Marekani, Daktari Belding Scribner na fundi Wayne Quinton walitengeneza mirija ya Teflon, ikawekwa mkononi mwa Clyde Shields na kuachwa humo. Mtu huyo aliyekuwa karibu kufa aliishi miaka 11 zaidi. Mwaka 1966 waganga wa New York, akina Brescia na Cimino, walitangaza njia nyingine: kuunganisha mshipa utokao moyoni na ule urudio moyoni, chini ya ngozi, ili huu wa pili upanuke na kupata nguvu. Wale ambao mishipa yao haifai huwekewa bomba laini la plastiki chini ya ngozi.

Hata leo kazi haijakwisha, kwa kuwa mishipa mingi iliyounganishwa huziba au hukataa kupanuka. Mwaka 2023 Marekani iliruhusu kifaa kidogo kilichofumwa kwa waya, ambacho huvishwa mshipa kwa nje pale ulipounganishwa, ili ushike umbo lake.

Mdogo wetu alianza kwa mrija uliotiwa shingoni, nao ukamletea homa kali hata tukahofia maisha yake. Kisha waganga walipata mshipa mmoja mzima katika mkono wa kushoto, wakauunganisha. Likizo ilipofika tulikwenda kumtazama. Akaunyosha mkono, akasema: "Kaka, weka vidole hapa." Tukasikia mtetemo mwororo usiokoma, kama kinu cha mashine kikisaga unga mbali. Kila aamkapo huugusa kabla ya kunawa uso. Habebi mzigo kwa mkono huo, haulalii, wala hakubali upimwe presha.

Basi, wazazi na walimu wenzetu, mganga akiona serumu ni ya lazima, na iwekwe. Lakini tusiiombe kama zawadi, mgonjwa akiwa aweza kumeza vidonge. Na mtu aliyeambiwa kwamba mafigo yake yamedhoofika, amwombe muuguzi atoe damu nyuma ya kiganja, aiache mishipa ya mkono ipumzike. Tena wenye presha na wenye kisukari waende wakapimwe mafigo mapema, wasingoje mwili uvimbe. Sisi tulichelewa kujua haya, na mdogo wetu alibakiwa na mshipa mmoja tu. Ninyi msichelewe.