Kikombe cha Maziwa Darasani

Miaka kadhaa iliyopita, tulipokuwa tukifundisha Darasa la Nne katika shule moja wilayani Karatu, tulitenda kosa ambalo twaona yafaa tuwasimulie ninyi mnaojiandaa kuwa walimu. Somo lilikuwa chakula bora. Darasani walikuwamo watoto wa Kiiraqw, wa Kimasai kutoka pande za Ngorongoro, na wengine ambao wazazi wao walikuja kutoka mbali kufanya kazi katika mashamba ya kahawa. Tuliandaa maziwa yaliyochemshwa, kila mtoto kikombe chake.

Mtoto mmoja alikataa. "Yananiumiza tumbo, mwalimu," alisema. Tulimjibu kwamba maziwa hayamdhuru mtu, tukamshurutisha anywe mbele ya wenzake. Kabla ya kengele ya mwisho alikuwa ameinamia dawati, ameshika tumbo, na wenzake wakimcheka. Kwa siku mbili hakuonekana shuleni.

Aibu ile ilitufanya tusome. Maziwa yana sukari yake, nayo huitwa laktosi. Sukari hiyo haipenyi ukuta wa utumbo mwembamba mpaka ikatwe vipande viwili, glukosi na galaktosi. Mkataji ni protini iitwayo laktesi, ambayo imejishikiza kwenye uso wa seli za utumbo. Mtoto mchanga anayo tele. Lakini kwa watu wengi duniani hupungua baada ya kuachishwa ziwa. Hapo sukari hushuka nzima hadi utumbo mpana, bakteria huichachusha, na gesi, maumivu na kuhara hufuata. Mtoto wetu hakuwa mkaidi. Alisema kweli ya mwili wake.

Mwaka 2007 wanasayansi walioongozwa na Sarah Tishkoff walitangaza uchunguzi wa watu 470 wa Tanzania, Kenya na Sudani. Waliona kwamba wengi wa wale wanaobaki na laktesi ukubwani katika Tanzania na Kenya wana badiliko dogo la urithi, tofauti na lile la watu wa Ulaya. Ili kulipima, walitia vipande vya urithi katika seli za utumbo wa binadamu zilizokuzwa maabarani. Ufundi wa jamii hiyo, wa kupandikiza urithi katika seli, ndio uwezeshao bakteria au seli nyingine kutengeneza protini ya binadamu. Hivyo ndivyo ilivyopatikana insulini iliyoruhusiwa kuwa dawa huko Marekani mwaka 1982. Protini za uso wa seli nazo hutengenezwa vivyo hivyo kwa ajili ya utafiti.

Je, haya yafundishwe vipi kwa watoto wasio na maabara? Sisi tulitumia shanga. Tulifunga shanga mbili mbili kwa uzi mfupi, tukatoboa kwenye kadibodi tundu linalopitisha shanga moja tu. Kadibodi ni ukuta wa utumbo. Kando ya tundu tulining'iniza mkasi mdogo: huo ndio laktesi, nao haukubanduka pale ulipofungwa. Watoto walikata uzi, na shanga zikapita mojamoja. Kisha tuliondoa mkasi, na shanga zikarundikana.

Hapana budi mwalimu ajihadhari na mambo mawili. Kwanza, asimpime mtoto kwa kabila lake, kwa maana hata miongoni mwa wafugaji wapo wenye laktesi na wasio nayo. Pili, asijifanye mganga, kwani tumbo huuma kwa sababu nyingi. Mtoto anayeumwa mara kwa mara apelekwe zahanati. Aidha, akumbuke hekima ya kibuyu: katika maziwa mgando bakteria wamekwisha kula sehemu ya sukari, hivyo wengi huyamudu wasiyoyamudu mabichi.

Somo la shanga tulilitoa mtoto yule aliporejea. Tulimwomba radhi mbele ya wale wale waliomcheka, kisha tukamkabidhi shanga za kwanza azikate. Alipomaliza alituuliza iwapo mkasi wake wa tumboni utarudi. Tulimjibu kwamba huenda usirudi, lakini mtindi upo, na kuanzia siku ile hakuna atakayemlazimisha kunywa maziwa.