Walimu wa Chumba Chetu cha Kasungami

Mimi ni kinezi, yaani mtaalamu wa tiba ya viungo. Kwa miaka mingi nilikuwa nikirudisha viungo vya watu kazini katika wodi za Lubumbashi: waliovunjika, waliopooza upande mmoja, wamama waliojifungua kwa taabu. Sasa nafundisha mazoezi ya Pilates Kasungami, pembezoni mwa jiji, katika komuni ya Annexe. Chumba chetu ni cha matofali ya kuchoma, sakafu ya saruji, bati juu, mikeka imesimamishwa ukutani. Wageni wakiingia hutafuta mashine kwa macho. Hazipo. Nikiulizwa habari za kazi yangu huwa nawataja walimu, kwa kuwa hakuna jambo tunalofanya humo ndani ambalo sikufundishwa na mtu.

Wa kwanza alikuwa mzee wa wodini. Alianza kazi akiwa kijana, kampuni ya shaba ingali ikiitwa Union Minière du Haut-Katanga, kabla serikali haijaitaifisha mwaka 1967. Jina la Gécamines lilikuja baadaye. Nilimkuta mwanzoni mwa miaka ya 1990, karibu na kupumzika, naye hakuwa na haraka na mgonjwa yeyote. Mtu akiingia, mimi nilikuwa tayari kumlaza kitandani nianze kumkanda. Mzee alinishika mkono. “Ngoja avue viatu kwanza.”

Katika kuvua viatu alikuwa akisoma kila kitu. Mwenye mgongo mbovu hainami. Huupandisha mguu juu ya goti la pili, au hukisukuma kisigino cha kiatu kimoja kwa ncha ya kingine, na muda wote huo pumzi ameibana kifuani. Anayebana pumzi kwa ajili ya kiatu, mzee alisema, ataibana pia akinyanyua mtoto, akipanda gari, hata akicheka. Basi tiba huanzia kwenye pumzi, si pale mgonjwa anapoonyesha kwa kidole. Madereva wa magari makubwa ya mgodini ndio waliokuwa wengi kwake. Kukaa miaka juu ya mtambo unaotikisika huchosha pingili za chini ya mgongo na diski zilizo kati yake, na maumivu yakikaa sana, misuli midogo ya ndani inayozishikilia pingili hizo hulegea, kazi yake ikabebwa na misuli mikubwa ya nje ambayo haikuumbwa kwa ajili hiyo. Sidhani kama neno Pilates liliwahi kumfikia mzee yule. Lakini kila darasa ninalofundisha leo, wanafunzi wakikaa kuvua viatu, mimi nimesimama mlangoni nawatazama.

Wa pili nilimwita yaya, yaani mkubwa wangu, kwa vile alinizidi umri. Alikuwa mcheza dansi aliyeishi Brussels, akarudi nyumbani kumuuguza mama yake aliyepata kiharusi. Kila siku alikaa pembeni akitazama ninavyomsaidia mama kugeuka kitandani. Siku moja akaniuliza kwa nini ninamwambia mama “kaza tumbo” bila kumwambia alikaze wakati gani wa pumzi. Kabla sijajibu alishalala chini, pale pale kwenye sakafu ya wodi, akaniwekea mkono wangu tumboni mwake. Akaanza zoezi linaloitwa Mia: umelala chali, kichwa na mabega yameinuka, miguu imenyooshwa hewani, mikono inapiga juu na chini, mapigo matano ukivuta pumzi, matano ukiitoa, mara kumi. Chini ya kiganja changu nilisikia ukuta wa tumbo ukiingia ndani kila alipotoa pumzi, na kiuno kisisogee hata kidogo. Nilikuwa nimesoma majina ya misuli hiyo vitabuni. Siku ile ndipo nilipoishika ikifanya kazi.

Kwa yaya nilijifunza mazoezi, nikajifunza na ukoo wake. Joseph Pilates alikuwa Mjerumani wa Mönchengladbach, aliyezaliwa mwaka 1883, mtoto dhaifu wa kifua. Vita vya Kwanza vya Dunia vilimkuta Uingereza, akawekwa kambini kama raia wa nchi adui, na huko akawafundisha wafungwa wenzake mazoezi. Mwaka 1926 alihamia New York, wakafungua chumba katika Eighth Avenue yeye na mwenzi wake, Clara. Mwaka 1945 alichapisha kitabu chenye mazoezi 34 ya chini, yasiyotaka chochote ila sakafu na mkeka. Wanaomsifia Joseph ni wengi. Yaya alimsifia zaidi Clara, na mimi nimeirithi imani hiyo. Wanafunzi wa zamani wengi wanasimulia kwamba Clara ndiye aliyekuwa na subira, aliyejua kumpunguzia zoezi mgonjwa hadi liwe na faida kwake. Joseph alipofariki mwaka 1967, Clara alibaki akifundisha.

Kuna mwingine ambaye yaya alimtaja kwa heshima ya pekee: Kathy Grant, mcheza dansi Mmarekani mweusi, aliyefika kwa Joseph na goti lililoumia akaishia kuwa mmoja wa wachache sana waliopewa cheti na yeye mwenyewe. Alifundisha kwa miongo mingi, hadi uzee, akafariki mwaka 2010. Nawasimulia hayo wasichana wanaokuja darasani, kwa sababu picha za Pilates wanazoziona kwenye simu zao ni za miili ya aina moja na vyumba vya aina moja, wakadhani wameingia nyumba ya wenyewe. Wala jina lenyewe halina mwenyewe. Mwaka 2000 mahakama ya shirikisho huko New York iliamua kwamba Pilates ni jina la aina ya mazoezi, kama yoga au karate, na hakuna kampuni inayoweza kulifunga kwa alama ya biashara. Uamuzi huo umetufungulia mlango sisi wa Kasungami. Umemfungulia pia kila mwenye mkeka asiyejua mgongo ni nini, na hilo linanisumbua.

Tulipoanza, walikuja wamama. Wanabeba maji, wanabeba unga, wanabeba makala, yaani makaa, na mtoto mgongoni. Mama mmoja muuza makala alijilaza, akaniambia, “Dokta, mugongo inaniluma tangu mutoto wa mwisho.” Nilipitisha vidole viwili katikati ya tumbo lake, juu ya kitovu, nikamwomba ainue kichwa kidogo. Vidole vilizama. Misuli miwili ya mbele ilikuwa imeachana wakati wa mimba na haikurudiana tena, wala hapakuwa na mtu aliyewahi kumwambia. Mtu wa namna hiyo humpi Mia, utamwongezea madhara. Nilimkunjisha magoti, nikaweka kiganja chini ya kiuno chake, nikamwambia atoe pumzi polepole kama anayepuliza mbabula, jiko la makala, ambayo moto wake haujashika. Hapo hapo tumbo likaingia. Alifanya hivyo tu, wiki baada ya wiki, kisha tukaongeza kunyoosha mguu mmoja, kisha mkono. Leo anakaa mstari wa mbele, na wageni wakishindwa kunielewa huwageukia akawaeleza yeye.

Masika yanapoingia, mvua ikishuka juu ya bati hakuna sauti inayosikika. Hatusimamishi darasa. Tunapita kati ya mikeka tukigusa: bega hili lishuke, mbavu hizi zijifunge, kisigino kirefuke. Naamini wanafunzi wetu hujifunza vizuri zaidi siku za mvua, na nimewaambia wenzangu wapunguze maneno hata jua likiwaka.

Mwenzangu wa sasa ni kijana aliyekuwa mchimbaji mdogo, akibeba magunia ya mawe kutoka shimoni. Alikuja kama mgonjwa, hawezi kusimama wima. Alipopona hakuondoka, alikaa akitazama, nami nikamfundisha kama nilivyofundishwa, kwanza viatu, kisha pumzi, kisha mengine. Siku moja aliniuliza swali ambalo sikuwahi kulisoma popote: kama maumivu yananipata nikiwa nimesimama na gunia, mbona tunamalizia tukiwa tumelala? Tangu hapo darasa la wanaume, ambalo ni lake, huishia na gunia la mchanga. Wanakunja nyonga, wanaleta mzigo karibu na mwili, wanatoa pumzi wakati wa kunyanyua. Kitabu cha Joseph hakina gunia, lakini wanaume wa hapa wanalo kila siku, na zoezi lisilofika mpaka kwenye mzigo wa mtu limeishia njiani.

Nawaambia wote ukweli kabla hawajalipa. Mwaka 2015 watafiti wa Cochrane, mtandao unaopima ushahidi wa tiba, walikusanya majaribio 10 yaliyohusisha watu 510 wenye maumivu ya kiuno. Waliona kwamba Pilates huenda inasaidia kuliko kukaa bila tiba ya maana, ila hawakupata uthibitisho wa kutosha kwamba inazidi mazoezi ya aina nyingine. Mimi sioni aibu kulitangaza hilo. Anayefurahia kutembea na atembee. Mwenye ganzi inayoshuka mguuni, au anayeanza kushindwa kuzuia mkojo, simpokei kwenye mkeka. Nampeleka hospitali siku hiyo hiyo.

Jirani zetu wa Nairobi wameonyesha njia ya kuandaa walimu. Tangu mwaka 2007 Africa Yoga Project imekuwa ikiwafundisha vijana wa mitaa ya kawaida kuwa walimu wa yoga, wanaolipwa kwa kazi hiyo. Nalitamani jambo kama hilo kwa Lubumbashi, jiji ambalo migongo ya watu wake imebeba shaba kwa zaidi ya karne. Kila mara wageni wenye ujuzi wanapita hapa, wanatufundishia darasa moja zuri, tunapiga makofi, wanapanda ndege. Ombi langu kwao ni hili: ukija Kasungami, usitufundishie wanafunzi. Kaa na sisi walimu, mimi na kijana wangu na huyu mama wa makala, lala chini, tuwekee mkono wetu pale misuli inapofanya kazi, na usiondoke mpaka umehakikisha tumeisikia.