Nyama Ina Kipimo Chake, Mwanangu

Mwanangu Zuhura,

Baba yako amenipa habari zako zote: ugali huugusi, wali huutazami, chapati unampikia mumeo na kumwachia mwenyewe, na usiku unamaliza nusu kuku kwa kuwa umeambiwa protini haina mwisho.

Kupunguza wanga sikukatazi. Ukoo wetu unaandamwa na kisukari, na bibi yako kilimwondoa tukimwona. Ninalolikataa ni hilo la "haina mwisho".

Kipimo kipo. Mtu mzima mwenye afya anahitaji walau gramu 0.8 za protini kwa kila kilo ya uzito wake. Anayepunguza mwili huongeza, akafika gramu 1.2 hadi 1.5 kwa kilo, maana mwili ukipunguziwa chakula hauchomi mafuta peke yake. Hula na misuli. Wala usihesabu kwa kilo 92 ulizo nazo sasa. Hesabu kwa uzito unaofaa kimo chako, tuseme kilo 70. Hapo unapata gramu 84 hadi 105 kwa siku.

Lakini gramu za protini si gramu za nyama, na hapa ndipo wengi wanapochanganya. Robo kilo ya steki uliyopimiwa buchani, ikiwa mbichi, ina protini kama gramu 50 tu. Sehemu kubwa ya iliyobaki ni maji. Yai moja lina gramu 6, kikombe cha maziwa au mtindi 8. Basi mayai mawili asubuhi, kipande kinene cha nguru wa kupaka mchana, mapande mawili ya kuku usiku na kikombe cha mtindi, umekaribia gramu 90. Imetosha. Ile nusu kuku yako peke yake inakula karibu posho ya siku nzima kwa mlo mmoja. Na kopo la unga wa protini ulilonunua kwa bei ya mbuzi, mpe kijana wa mazoezini.

Njaa ikibaki, usiizibe kwa nyama. Tia mchicha wa nazi, bamia, biringanya, parachichi. Nasikia unachuna ngozi ya kuku na tui unalikimbia. Ugali umeutoa, mafuta nayo umeyatoa, nguvu utazipata wapi? Mwaka 1928 msafiri mmoja, Vilhjalmur Stefansson, aliyewahi kuishi na Wainuit kule kaskazini ya mbali, alikubali kulazwa katika hospitali ya Bellevue, New York, ale nyama tu huku madaktari wakimchunguza. Walipompa nyama nofu tupu, siku chache tu akaharisha na kulegea. Walipomrudishia mafuta, akapona. Protini inayozidi haina ghala mwilini: ini huibadilisha, nyingine ikawa sukari ile ile unayoikimbia.

Maharage usiyafukuze moja kwa moja. Kikombe cha yaliyopikwa kina protini kama gramu 15 na wanga kama 40, ila nyuzinyuzi zake ni nyingi. Kula nusu kikombe, ukiona sukari inatulia endelea.

Zile kilo 3 za wiki ya kwanza ulizomtangazia kila mtu, furahi kiasi. Nyingi ni maji. Wanga uliohifadhiwa kwenye ini na misuli hushikana na maji, kila gramu moja kwa kama gramu 3, na ukiisha maji hutoka nao. Kupungua kwa kweli huja polepole.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Nimefanya uuguzi mpaka nikastaafu, na wagonjwa wa figo niliowahudumia wengi walianza na presha au kisukari wasichokijua. Figo iliyokwisha kuchoka, protini nyingi huielemea zaidi, na haiumi mapema ili ikuonye. Wewe una presha. Kabla hujaongeza hata yai moja, kapime kreatinini na mkojo, umweleze daktari unavyokula. Ukiwa unatumia dawa za kushusha sukari usizifiche, maana ukipunguza wanga huku dozi ni ile ile, sukari inaweza kushuka ukaanguka.

Nenda wiki hii, usingoje mwisho wa mwezi, na majibu nitumie mimi kabla ya kumwambia baba yako.

Wasalaam,
Shangazi yako