Tulimhukumu Kijana Wetu Bure

Sisi ni wazazi wawili wa Shinyanga. Tunaandika haya kwa kutubu, tukitumaini kwamba mama mmoja atasoma na mwanawe atapata msaada mapema kuliko wetu.

Mwaka 2017 kijana wetu alikuwa na miaka 20. Alikuwa amekwenda Nyarugusu, mkoani Geita, kutafuta riziki kwenye maduara ya dhahabu. Siku moja alirudi nyumbani ana homa, anatembea kwa shida, korodani moja imevimba na mkojo unamchoma. Akina mama, mnajua sifa za machimboni: fedha za haraka, pombe na wanawake. Hatukuuliza mara mbili. Tulisema ni kisonono.

Kwenye zahanati moja alipewa dawa za magonjwa ya zinaa bila kupimwa. Alipata nafuu, lakini baada ya miezi miwili ugonjwa ulirudi. Uliporudi mara ya tatu tulimketisha mbele ya baba yake mdogo, tukamtaka aungame. Alilia akasema, "Mama, Baba, sijamjua mwanamke." Hatukumwamini. Sisi wenyewe tukamtoa kwenye kwaya ya vijana.

Kila mtu alikuwa na lake. Shangazi yake alitaka apelekwe kwa mganga, akidai amerogwa na wachimbaji wenye wivu. Ilipoonekana damu kidogo kwenye mkojo, jirani alisema ni kichocho, maana watoto wa kwetu huoga malamboni. Kichocho kipo kweli Kanda ya Ziwa, na dawa yake ipo. Lakini kijana alipimwa, hakikuonekana.

Ndipo daktari mmoja mtu mzima alipotuuliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ametuuliza: "Alipokuwa mdogo, alikuwa anakojoaje?"

Tulitazamana. Tangu utoto wake, kila alipomaliza kukojoa na kuvaa kaptula, matone yalitoka tena yakamlowesha. Tulimchapa kwa jambo hilo, tukisema ni mvivu na mchafu. Mara mbili akiwa shule ya msingi aliugua njia ya mkojo. Tulinunua vidonge, akapona, tukasahau. Dalili zote tulikuwa nazo nyumbani miaka mingi.

Tuliandikiwa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Bugando, Mwanza. Kipimo cha ultrasaundi kilionyesha kifuko cha maji nyuma ya tezi dume, katikati kabisa. Tulielezwa kwamba alizaliwa nacho.

Maelezo yenyewe yalitushangaza. Katika wiki za mwanzo tumboni, kila mtoto, awe wa kike au wa kiume, huwa na mirija ya aina mbili. Kwa msichana, mmoja wa aina hizo huwa mfuko wa uzazi. Kwa mvulana, korodani zake changa hutoa kichocheo kinachoufuta mrija huo. Hubaki kishimo kidogo tu ndani ya tezi dume, na kila mwanamume anacho. Kwa wachache kishimo hicho hutanuka kikawa kifuko. Mkojo ukiingia humo na kutuama, hutoka matone baadaye, na vijidudu hupata makao. Maambukizo hupitia mirija ya manii hadi kwenye korodani. Si zinaa, si uchawi, na hakiambukizi mtu.

Tulijifunza pia kwamba si kila kifuko hupasuliwa. Kikiwa kidogo na hakina usumbufu, huachwa na kuangaliwa kwa vipimo mara kwa mara. Maambukizo hutibiwa kwa dawa inayochaguliwa baada ya kuotesha mkojo, na dozi lazima imalizwe. Kunyonya maji kwa sindano mara nyingi hakutoshi, kwa kuwa hujaa tena. Kikiwa kikubwa au kinasumbua bila kukoma, daktari bingwa wa njia ya mkojo hukifungua kwa kifaa kinachopita kwenye njia hiyo, au hukiondoa kwa upasuaji. Kazi hiyo inahitaji uangalifu, kwa sababu mirija ya manii na mishipa ya fahamu iko karibu. Kikiziba njia ya manii kinaweza kuzuia uzazi, na mara nyingi lawama humwangukia mke asiye na kosa.

Wetu alifanyiwa upasuaji, akapona. Lakini kabla ya siku hiyo tulikuwa na deni. Kwetu mzazi haombi radhi kwa mtoto kirahisi. Usiku ule, kando ya kitanda chake, tulimwomba. Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Niliumia zaidi kwa kutoaminiwa kuliko kwa ugonjwa." Maneno hayo tunayo mpaka leo.

Tulirudi kusoma Yohana sura ya 9. Wanafunzi walimwona mtu aliyezaliwa kipofu, wakataka kujua nani alitenda dhambi, yeye au wazazi wake. Bwana alikataa yote mawili. Sisi tulikuwa tunaisoma habari hiyo kila mwaka, na bado tuliuliza swali lilelile nyumbani kwetu.

Akina mama wenzetu, mwangalieni mtoto wa kiume mnapomwogesha. Tundu la mkojo likiwa chini ya uume badala ya kwenye ncha, akidondosha matone kila akimaliza kukojoa, au akiugua njia ya mkojo mara kwa mara, mpelekeni hospitali apimwe, msimchape. Na korodani ikiuma ghafla kwa nguvu, msingoje kuche: huenda imejisokota, na saa 6 za kwanza ndizo za kuiokoa.

Kijana wetu amerudi kwenye kwaya. Kabla ya kuoa alimweleza mchumba wake habari zote, wakaenda pamoja kupima. Hakuficha kitu. Katika hilo ametutangulia sisi wazazi wake.