Barua kwa Mpwa Wangu Dereva

Dilolo, mwezi wa saba

Mpwa wangu,

Baridi ya kipwa inabana asubuhi, jua likipanda tunaisahau.

Picha uliyomtumia mama yako tumeiona. Umeegemea lori, na kifungo cha shati kimekataa kufunga tumboni. Shangazi zako walipiga vigelegele: kijana amenona, Kolwezi inamtunza! Mimi nilinyamaza. Lakini kwetu Wachokwe mjomba ana neno juu ya mtoto wa dada yake, na neno hili nimekaa nalo wiki mbili. Kitambi kile kimenitia hofu, kwa sababu nami nilikuwa nacho.

Unakumbuka nilikuwa mtu wa reli. Kazi yangu ilikuwa kukagua njia. Asubuhi natoka na nyundo begani, nakanyaga taruma moja baada ya jingine, nagonga kila palipolegea, kilomita 8, siku nyingine 10. Neno mazoezi sikuwa nalijua. Nilipostaafu nikaweka kiti chini ya mwembe. Miguu ikapumzika, mdomo haukupumzika: bukari lile lile la mtu wa kilomita 10, bitoyo na chumvi yake yote, na jioni bia. Miaka 3 tu. Siku moja nilimsindikiza mama yako kituo cha afya, muuguzi akaniambia nami nipime tansioni, presha ya damu, maadamu nimefika. Akafunga kile kitambaa mkononi, akapuliza, akasoma, akapuliza tena. 18 kwa 11. Sikuwa naumwa popote, hata kichwa.

Hapo ndipo ubaya wa tansioni ulipo, haibishi hodi. Mwenzangu wa kazi, tuliyekula sahani moja miaka mingi, hakuwahi kupimwa. Alianguka akioga. Mpaka leo mkono wake wa kuume haushiki kitu, mke anamlisha kwa kijiko. Nilikwenda kumwona Jumapili. Alitaka kuniambia jambo, maneno hayakutoka, akalia.

Sasa nikuangalie wewe. Kutoka Kolwezi mpaka Kasumbalesa umekaa, na ukifika mpakani unakaa tena siku nzima nzima kwenye foleni, unasogea mita chache, unalala humo humo. Unakula mbuzi wa kuchoma na chumvi pembeni, unashushia soda. Silaumu, barabara ndivyo ilivyo. Lakini foleni hiyo inakupa muda ambao mimi kwenye reli sikuwa nao. Alfajiri, kabla vumbi halijapanda, mwachie msaidizi wako lori, tembea mpaka mbele ya foleni urudi. Nusu saa, kwa hatua za mtu aliyechelewa misa. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate angalau dakika 150 za mwendo kama huo kwa wiki. Ni hiyo nusu saa yako, siku 5.

Ndani ya lori weka mbabula ndogo na makala. Sombe na lengalenga mama yako alikufundisha kupika, usione haya mbele ya madereva wengine. Bukari liwe la ngumi yako, mboga ijaze sahani. Ukitia vidonge vya supu usitie chumvi tena, maana ndani yake chumvi imejaa. Chumvi yote ya kutwa isizidi kijiko kimoja cha chai. Pombe ya lutuku usiiguse, hilo tulishazungumza.

Na vile vikopo vitamu vya kufukuza usingizi, mpwa wangu, naomba uviache. Usingizi ukikushika, egesha lori, lala. Mwenye mzigo akipiga simu, mwambie ukweli. Shaba ikichelewa itauzwa kesho. Wewe una mama mmoja, na yeye hana mwana mwingine.

Mimi sasa nameza kidonge kila asubuhi, na sikiachi eti kwa kuwa najisikia vizuri. Muuguzi alinionya sana juu ya kosa hilo. Kiti cha mwembeni nimempa jirani. Nimerudi shambani kwenye mihogo, mwendo wa kilomita 2 kwenda, 2 kurudi, na ninapita kando ya reli ile ile. Mara ya mwisho nilipimwa 13 kwa 8.

Mwezi huu usiishe hujaingia kituo cha afya hapo Kolwezi. Vua koti, kaa kimya dakika 5, kisha wakupime. Nitumie namba zote mbili, hata zikiwa mbaya. Nazingoja.

Mjomba wako