Kilometa 30 ni masaa ngapi?

Juzi mama mmoja alinipigia simu akauliza kutoka hapa Kavumu mpaka Bukavu ni mbali kiasi gani. Nikamjibu: kilometa 30 hivi. Akasema: «Hiyo naijua. Na watoto, ni masaa ngapi?»

Kwenye sekondari mwalimu wa fizikia aliandika ubaoni: vitesi, yaani mwendo, ni umbali ukigawanywa kwa muda. Tulikariri, tukapata pointi, tukasahau. Mimi nilielewa Februari 2025, wakati kiwanja chetu cha ndege kilipotekwa na watu wakajaa barabarani.

Siku ya kawaida, pikipiki ikifika Bukavu kwa saa 1, mwendo wake ni kilometa 30 kwa saa. Sisi tuliondoka kwa miguu saa 12 asubuhi, tukafika saa 10 jioni. Hayo ni masaa 10, kwa hiyo kilometa 3 kwa saa. Tukiwa tunatembea tulienda karibu kilometa 4 kwa saa, lakini tulipumzika Miti, tukapumzika tena Mudaka. Mapumziko nayo yanahesabiwa. Na jamaa haiendi mwendo wa baba mwenye nguvu. Inaenda mwendo wa mtoto mdogo na wa mzee.

Jambo linaloniuma ni hili. Jana yake niliwaambia majirani: «Bukavu si mbali, ni kilometa 30 tu.» Bibi mmoja aliniamini, akaondoka saa 6 mchana na wajukuu wanne. Giza likawakuta Mudaka, wakalala nje na mvua. Namba yangu ilikuwa ya kweli, lakini haikumsaidia. Alihitaji masaa, mimi nikampa kilometa.

Kupima mwendo hakuhitaji chombo cha bei. Pima mita 100 kwa kamba, tembea na watu wako wote na mizigo, angalia saa ya simu. Mkitumia dakika 2, mnaenda kilometa 3 kwa saa. Mkitumia dakika 3, ni kilometa 2 tu, na Bukavu inakuwa masaa 15 bila kupumzika. Kwenye mlima itazidi.

Yule mama nilimpigia tena, nikamwambia apime. Na redioni, neno «si mbali» nimeliacha.