Karatasi Iliyochanwa

Kijana wetu alikuwa na miaka 15, ametoka kupata kipaimara, tulipohamia Minnesota, Marekani, kwa mwaka mmoja wa masomo ya theolojia. Usharika uliotupokea ulikuwa na vijana waliokutana kila Ijumaa jioni katika ukumbi wa chini ya kanisa. Alipoomba kwenda tulifurahi. Tulidhani ni kujifunza Biblia.

Wiki ya tatu tulikuta katika mkoba wake karatasi yenye namba nyingi, jina lisilo lake, na chini yake orodha ya uchawi. Hatukuuliza. Mkono uliochana ulikuwa wa mchungaji, lakini tulikuwa tumekubaliana sote wawili, mume na mke. Tuliichana katikati, tukaweka pamoja vipande vile viwili, tukachana tena. Tukamwambia kwamba Katekisimo Ndogo, katika maelezo ya amri ya pili, inautaja uchawi waziwazi. Hakubisha. Aliokota vipande vinne akaenda chumbani.

Wapendwa, mnajua tunakotoka. Kwetu neno hilo si mchezo. Tumekaa na bibi waliofukuzwa na watoto wao wenyewe kwa sababu ya neno hilo moja. Kwa hiyo hatujutii kuogopa. Tunajutia kutouliza.

Siku ya pili, tukinywa chai, akasema, "Baba, amri ya nane inafundisha nini?" Tukamjibu kama tunavyowafundisha watoto wa kipaimara: kutomsingizia jirani, bali kumtetea na kuyapokea mambo yake kwa upande ulio mwema. Akauliza kama tulimpa yeye nafasi hiyo kabla ya kuchana. Chai ilipoa.

Ndipo alipotueleza. Mchezo unaitwa Dungeons & Dragons. Ulitolewa mwaka 1974 na Gary Gygax wa Lake Geneva, Wisconsin, na Dave Arneson, mtu wa Minnesota hiyohiyo tuliyokuwa tukikaa. Miaka ya 1980 Wakristo wengi wa Marekani waliupinga, nao wakiogopa kama sisi. Watu hukaa mezani. Mmoja husimulia, wengine husema wahusika wao wanafanya nini, na dadu yenye pande 20 huamua kama wamefaulu. Ni kama hadithi za jioni, ila wasikilizaji ndio wanaoamua sungura atafanya nini. Hakuna anayeita pepo. Kuna penseli, na siku ile ya kwanza tuliyochungulia baadaye, kulikuwa na biskuti nyingi mno.

Wenzake walichagua wahusika wa kurusha moto. Yeye alichagua fundi, mwenye nguvu moja ndogo iitwayo Mending, yaani kuunga. Katika toleo la mwaka 2014 kanuni zake ni za kubana sana. Unakishika kitu kilichovunjika, pamoja na sumaku mbili, kwa dakika nzima: ufunguo uliokatika vipande viwili, pete ya mnyororo, joho lililopasuka, kiriba kinachovuja. Unaunga mpasuko mmoja tu kwa mara moja, usiozidi kama sentimita 30. Kitu kinarudi kizima, bila alama yoyote. Kama kilikuwa na nguvu za ajabu, mwili wake unaungwa, lakini nguvu zile hazirudi.

"Karatasi yangu ina urefu wa sentimita 28," alisema. "Ingefaa. Mipasuko mitatu, dakika tatu." Halafu akanyamaza, na sisi tukanyamaza, maana tulikuwa tumesikia na lile neno la mwisho la kanuni.

Jambo la kwanza tulilofanya lilikuwa la kijinga. Tulikwenda ofisi ya kanisa, tukachapisha karatasi mpya, safi, tukaiweka kitandani kwake. Alisema ahsante. Hakuijaza. Tulitaka iwe kama vile hatukuchana kitu.

Yalikuwa majira ya Pasaka, na Jumapili ile lilisomwa somo la Tomaso, Yohana sura ya 20. Tumelihubiri mara nyingi, na kila mara tumemshughulikia Tomaso na shaka yake. Safari hii tulibaki kwenye ile mikono. Aliyeshinda kaburi angeweza kuja na mikono isiyo na kovu. Alikuja na matundu ya misumari, akayaonyesha mwenyewe, kwa watu waliokuwa wamemkimbia, na neno lake kwao lilikuwa amani.

Tumetangaza msamaha mbele ya madhabahu kwa miaka mingi. Kumwomba mtoto msamaha hatukuwahi, wala sisi hatukuombwa na wazazi wetu. Kwetu mzazi akikosa hununua soda, mambo yakaisha. Jioni ile tuligonga mlango wake. Tulisema, "Mwanetu, tulikusingizia, na tulichana kitu chako. Utusamehe." Alitutazama muda mrefu. Hakujibu siku ile, na hatukumdai jibu.

Alhamisi akaja jikoni na vile vipande vinne, akauliza kama kuna selotepu. Tulikaa watatu mezani. Mama yake alishika kingo, baba akakata selotepu, yeye akabandika. Ilichukua zaidi ya dakika tatu. Mpasuko mmoja haukukaa sawa, na namba moja ilipotea kabisa chini ya mkunjo.

Ijumaa alituruhusu kumsindikiza hadi ndani. Msimuliaji, kijana mrefu mwenye adabu, alipoiona karatasi ile alimpa mpya. Akakataa. Ikabidi waulizane namba iliyofutika ilikuwa ngapi. Mmoja alisema 13, mwingine 16, yeye mwenyewe akasema hakumbuki. Kisha akatugeukia sisi tuliosimama mlangoni na makoti yetu, akauliza, "Ninyi mliiona kabla ya kuichana. Ilikuwa ngapi?"

Hatukuwa tumeisoma. Tulimwambia hivyo. Akasogeza viti viwili.